Jinsi ya Kuchukiwa Mlimani: Mwongozo kwa Kiongozi wa Kujitolea

Kiongozi wa safari katika chama cha wapanda milima halipwi. Likizo ni yake, mafuta ya gari ni yake, na dakika za simu za kuwasaka wasiotuma pesa za hema ni zake. Ujira wake wote ni kupendwa, na hatari inaanzia hapo. Mtu anayefanya kazi ili apendwe huwa mwepesi wa kusema "haya, njoo tu" kwa asiye na koti la mvua, na "haya, tusogee kidogo" saa ambayo kundi lingekuwa limeshaanza kushuka. Mwongozo huu ni dawa yake. Unafundisha kuudhi watu kwa mpango, mapema, kwa adabu, na kwa sababu zinazoelezeka, tangu tangazo la safari linapotoka hadi ripoti inapowasilishwa. Ninamaanisha kila hatua yake. Kiongozi ambaye hajawahi kununiwa ndani ya matatu ya kurudi Nairobi, ama ameongoza safari chache mno, ama yapo maneno aliyoyameza mlimani.

Nitautumia zaidi Mlima Kenya, kwa sababu ndio unaowaita watu wetu kuliko mwingine wowote nchini. Vilele vyake viwili vya juu, Batian chenye mita 5,199 na Nelion chenye mita 5,188, ni vya wenye kamba na mazoezi ya miamba. Cha tatu, Lenana, mita 4,985, hufikiwa kwa miguu, na huko ndiko safari nyingi za vyama huelekea. Nchi ilipopata uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya mlimani humo, na tangu hapo Mkenya anayekwenda Lenana huwa amebeba zaidi ya begi lake. Anataka kusimama pale. Amewaahidi watoto, amewaambia wenzake kazini, amenunua buti za bei ghali. Kiu hiyo ni nzuri, na bila hiyo vyama hivi visingekuwepo. Lakini ndiyo hiyo hiyo inayomfanya mtu afiche maumivu ya kichwa, na kiongozi anayetaka kupendwa huwa amefurahi mno kudanganywa.

Anza kuudhi ukiwa bado mjini

Andika tangazo refu. Watu hawapendi tangazo refu. Wanataka picha ya mlima, tarehe, bei na namba ya M-Pesa. Wewe andika saa ngapi za kutembea kila siku, urefu wa mahali pa kulala kila usiku, baridi ya alfajiri, vifaa ambavyo bila hivyo mtu hapandi gari, na idadi ya juu ya watu. Idadi ikitimia, funga. Hapo ndipo utakapopata ujumbe wa kwanza: "Kiongozi, naja na shemeji yangu, hana shida, ni mtu wa mazoezi." Jibu kwa upole kwamba shemeji anakaribishwa sana Ngong wiki ijayo, na akimaliza Ngong kuna Longonot, mita 2,776, yenye vumbi na jua la kumjulisha mtu hali ya miguu yake, na akimaliza Longonot kuna Satima katika milima ya Aberdare, mita 4,001, ambako ataonja baridi na hewa nyembamba huku njia ya kurudi ikiwa bado fupi. Shemeji atakasirika mwezi huu. Mpe tarehe zote tatu hapo hapo, ili aone kwamba amefunguliwa njia.

Swali la kumpima mtu lisiwe "una mazoezi?" kwa maana kila mtu hujibu ndiyo. Muulize ni lini mara ya mwisho alitembea saa nane akiwa na mzigo mgongoni, na wapi. Atakayejibu kwa jina la mahali na mwezi, unaye. Atakayejibu kwamba yeye hucheza mpira, mpeleke Ngong pamoja na shemeji.

Kisha iudhi kamati yako. Katika vikundi vingi vya Nairobi, Lenana hupangwa kwa hesabu ya ofisini: kuondoka Ijumaa, kileleni Jumapili alfajiri, kazini Jumatatu. Tazama hesabu hiyo kwa jicho la mapafu. Ijumaa usiku mtu analala Met Station, yapata mita 3,050, akiwa ametoka Nairobi iliyo kwenye mita 1,700 hivi. Jumamosi analala kambi ya Mackinder, mita 4,200. Jumapili kabla ya mapambazuko yuko karibu mita 5,000, mahali ambapo kila pumzi ina oksijeni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya Mombasa. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Hapa tumepanda zaidi ya mara mbili ya hiyo kwa usiku mmoja, tukaiita wikendi. Mlima Kenya una sifa mbaya kwa ugonjwa wa mapafu wa mwinuko, na chanzo kikubwa ni wepesi wenyewe wa kuufikia: gari linakufikisha juu kabla mwili haujajua kwamba umeondoka.

Msimamo wangu ni kwamba chama kisikubali safari ya Lenana ya siku mbili na nusu, hata kwa wazoefu. Ongeza usiku mmoja, ikiwezekana miwili. Kwa njia ya Sirimon unaweza kulala Old Moses, mita 3,300, kesho yake mkapanda mchana hadi juu kidogo na kurudi kulala pale pale, ndipo siku inayofuata mwende kambi ya Shipton. Watakaosema hawana likizo, wasubiri wapate likizo. Mlima hauhami.

Tarehe nazo zina wenyewe. Januari na Februari, halafu Julai hadi Septemba, ndiyo miezi ya ukavu. Aprili na Novemba ni za mvua. Wanaokwenda Batian kwa kamba wanajua zaidi: mlima uko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo upande wa kaskazini hukauka katikati ya mwaka wakati upande wa kusini umeganda barafu, na mwisho wa mwaka kuingia mwanzo wa mwingine mambo hugeuka. Mwanachama atakuja na njia ya kusini mwezi wa Agosti kwa sababu kaka yake aliipanda Januari. Mkatalie hata kama huyo kaka alikuwa mwenyekiti.

Halafu kuna fomu ya afya, ambayo huudhi kuliko yote kwa sababu inaingia mwilini mwa watu. Uliza kuhusu pumu, moyo, shinikizo la damu, kisukari, kifafa, ujauzito, dawa zinazotumiwa. Uliza pia kuhusu selimundu, kwa sababu katika nchi zetu ni jambo la familia nyingi, na hewa yenye oksijeni kidogo humletea mwenye ugonjwa huo hatari halisi. Majibu yaje kwako na kwa msaidizi wako peke yenu, kamwe yasije kwenye kundi la WhatsApp. Kwenye kundi hilo kutakuwa na mtu mmoja asiye daktari anayemgawia kila mtu dozi za asetazolamidi. Mwambie waziwazi mbele ya wote aache, na wote uwaelekeze kwa daktari wa kweli. Dawa hiyo husaidia mwili kuzoea. Haimpi ruhusa mgonjwa kuendelea kupanda.

Mwisho wa maandalizi, mtafute mtu wa mjini. Huyu haendi mlimani. Ana orodha ya majina, namba za ndugu, namba ya gari, njia mtakayopita, na saa moja iliyoandikwa: ikifika saa hiyo bila simu yako, anaanza kupiga simu, kwanza kwa askari wa hifadhi (KWS) wa lango mlilopitia. Asiwe mtu wa "ngoja tuone". Chagua mwenye wasiwasi wa asili, yule ambaye watoto wake wanamlalamikia kwamba anapiga simu mno.

Fungua mabegi ya watu

Kwenye maegesho, kabla hamjaandika majina katika daftari la langoni, kila mmoja afungue begi. Watu wazima watakutazama kana kwamba umewatukana. Endelea. Tochi ya kichwa, na ya simu haihesabiki, kwa sababu simu hufa kwa baridi na mkono mmoja unahitajika kwenye mwamba. Koti la mvua. Sweta la sufu au la manyoya. Glavu, kofia, soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Maji. Chakula kinacholika bila kupikwa: njugu, ndizi, mayai, chapati zilizokunjwa. Filimbi. Aliyevaa jinzi abadilishe. Pamba ikilowa hukaa na maji na kuunyonya mwili joto, na mvua ya Mlima Kenya haihitaji kuwa kubwa ili ikufanye utetemeke kwenye mita 4,000.

Anayekosa kitu cha lazima aazime au abaki. Ndiyo maana chama chenye akili kina gunia la ziada: glavu za zamani, makoti yaliyoachwa, tochi mbili tatu. Gunia hilo limeokoa urafiki mwingi, maana linakuwezesha kusema hapana kwa kitu na ndiyo kwa mtu.

Usiishie kwa wanachama. Wabeba mizigo mnaowaajiri Naro Moru au Chogoria nao wafungue mabegi. Mara nyingi mwenye begi dogo na koti jembamba kuliko wote ni yule anayebeba hema lako. Kama hana koti la mvua na kitu kizito cha kulalia, safari haijakamilika vifaa, na gharama ya kumpatia iwe ya chama. Uzito wa mizigo upimwe kwa mizani mbele yake, siyo kwa kukadiria kwa macho. Kiongozi anayewajali wanachama kumi na wawili na kuwasahau wanne waliobeba chakula chao ameongoza watu kumi na wawili tu, na hajui idadi ya kundi lake.

Tembea polepole hadi wakuchoke

Mwendo wa kundi ni mwendo wa wa mwisho. Maneno haya hukubaliwa na wote mjini, halafu hukataliwa na miguu ya vijana watatu wa mbele ndani ya dakika ishirini. Mtangulize mtu anayejua kutembea taratibu, na mwambie kwamba kazi yake ni kuwazuia walio nyuma yake wasimpite. Nyuma kabisa mweke mwenye nguvu kuliko wote baada yako, mwenye dawa, chai ya moto na moyo mwema. Hakuna anayekuwa nyuma ya huyo. Hakuna. Anayekwenda haja amwachie begi lake njiani ili ijulikane kwamba yuko kichakani. Kwenye kila njia panda, wote wasubiri hadi mtu wa nyuma afike, muhesabiane, ndipo muondoke. Katika msitu wa chini, wenye nyati na tembo, msiachane hata hatua chache, na ongeeni kwa sauti ya kawaida ili mnyama awasikie kabla hamjamkuta.

Kuna dhuluma moja ndogo ninayoiona kwenye karibu kila safari, na inaua ari ya watu kimya kimya. Wa mbele wanafika kwenye jiwe, wanakaa, wanakula, wanapiga picha. Dakika kumi na tano baadaye anafika yule aliyechoka. Wa mbele wanasimama, wanajipangusa, "haya, tumepumzika vya kutosha," na safari inaendelea. Aliyehitaji kupumzika kuliko wote hajapumzika hata kidogo, na wenye nguvu wamepumzika mara mbili. Baada ya mchezo huo kurudiwa mara tano, mnasema yule ni dhaifu. Sheria iwe hivi: mapumziko huanza kuhesabiwa pale mtu wa mwisho anapoketi. Vijana wa mbele watalalamika kwamba wanapoa. Wavae sweta.

Uliza kuhusu kichwa na mkojo

Jioni kambini, kiongozi anapaswa kuwa kero ya hema kwa hema. Umekula? Umekunywa? Mara ya mwisho ulikojoa lini, na ulikuwa wa rangi gani? Kichwa? Kichefuchefu? Mzee wa miaka sitini ataona aibu kuulizwa haya na binti wa umri wa mwanawe, na huyo binti amwombe radhi kwa heshima, "samahani mzee, naomba nijue," kisha aulize tena.

Kanuni ni tatu na kila mwanachama azijue kabla ya kuondoka. Ukijisikia vibaya ukiwa juu, chukulia kwamba ni ugonjwa wa mwinuko hadi pawepo sababu nyingine iliyo wazi. Ukiwa na dalili, usipande kulala juu zaidi. Ukizidiwa ukiwa umepumzika, shuka mara moja. Hii ya tatu haina "tusubiri asubuhi". Anayeonekana kuchanganyikiwa mtembeze kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole. Akiyumba kama aliyelewa, ubongo wake unavimba. Anayehema akiwa amekaa, mwenye kikohozi chenye majimaji na midomo inayogeuka rangi, mapafu yake yanajaa. Hao wawili wanashuka usiku huo huo, kwa tochi, na mvua ikiwepo basi kwa mvua, wakisindikizwa na watu wawili. Mara nyingi kushuka kati ya mita 300 na 1,000 hubadilisha hali kabisa, na hakuna tembe inayofanya kazi hiyo vizuri hivyo.

Na yule anayetetemeka, halafu akaanza kutamka maneno kwa shida, halafu akawa anadondosha vitu na kujikwaa? Joto la mwili limeshuka. Mtoe kwenye upepo, mvue vilivyolowa, mvike vikavu, mpe chai yenye sukari nyingi ikiwa anaweza kumeza. Atakaposema "niko sawa", usimwamini. Katika hali hiyo akili ndiyo ya kwanza kuondoka. Wanaojitolea kuongoza wote wapitie mafunzo ya huduma ya kwanza, na chama kilipe ada. Nimeona vyama vinavyonunua fulana mpya zenye nembo kila mwaka huku sanduku la dawa likiwa na bendeji za enzi nyingine. Jambo hilo linanikasirisha kweli kweli.

Saa ya kugeuka

Hapa ndipo utakapochukiwa sana, kwa hiyo tukae kidogo.

Jioni ya kuamkia kileleni, wote wakiwa na vikombe mkononi, tangaza saa mbili: ya kuondoka na ya kugeuka. Kwa Lenana watu huondoka kambini kama saa tisa usiku ili jua liwakute juu, yapata saa kumi na mbili na nusu. Tuseme saa ya kugeuka ni saa mbili asubuhi. Ikifika, popote mlipo, hata kama kilele kinaonekana na kinacheka nanyi, mnageuka. Eleza sababu: mawingu hupanda mchana na kuficha njia, barafu ya alfajiri hulainika na kuteleza, miguu iliyochoka huanguka wakati wa kushuka, na helikopta ikihitajika haitaruka ndani ya wingu. Kisha mwulize kila mmoja kwa jina lake kama anakubali, ajibu kwa sauti. Mamlaka ya kiongozi wa kujitolea yako hapo tu. Huna mshahara wa kumkata mtu, huna cheo cha kumtishia. Una neno lake alilolitoa mbele ya wenzake akiwa ameshiba na akili imetulia. Usipolichukua jioni, alfajiri utakuwa unaomba.

Saa ikifika, usiseme "mnaonaje?" Wala usipigishe kura. Katika kura ya mita 4,800, mgonjwa hupiga ndiyo ili asiwaharibie wengine, mwoga hupiga ndiyo ili asionekane mwoga, na wenye nguvu hupiga ndiyo kwa sababu wana nguvu. Sema "tunageuka" na ugeuke, mwili wako mwenyewe ukiwa wa kwanza kutazama chini. Watakuja na yale yale: "Kiongozi, ni dakika ishirini tu." Waliopita wakishuka ndio waliowaambia hivyo, na wao walikuwa wanateremka. "Nimelipa pesa nyingi." Ni kweli, na pesa hizo ndizo zilizowaleta hadi hapa salama. "Sitapata nafasi nyingine." Hili linauma, na usilijibu kwa mzaha, mshike bega, mwambie umesikia, na endeleeni kushuka.

Kura ipo upande mmoja tu, nao ni wa kurudi. Mtu yeyote, hata mgeni wa safari ya kwanza, akisema haoni sawa kuendelea, asikilizwe, na kiongozi aulize wakimya kwanza kabla wasemaji hawajaanza. Anayeshuka asishuke peke yake. Kwa hiyo idadi ya wasaidizi ndiyo inayoamua kundi linaweza kugawanyika mara ngapi. Ukiwa na msaidizi mmoja, kundi hugawanyika mara moja. Mtu wa pili akiugua, wote mnashuka. Hesabu hii ifanywe jioni, ijulikane na wote.

Vipi kuhusu yule anayekataa kugeuka na kuendelea peke yake? Mwambie mbele ya mashahidi kwamba amejitoa katika safari ya chama, mpe chakula na tochi ya ziada, na ukae na kundi. Moyo utakuvuta umkimbilie. Wenye haki ya kwanza kwako ni hao kumi waliotimiza ahadi. Mtaarifu askari wa hifadhi mara mtandao utakapopatikana, na kamati imfungie milango ya safari za chama, hata kama ndiye mchangiaji mkubwa.

Ikiwa utahitaji mfano wa kuwasimulia njiani, wapo Waitaliano watatu wa mwaka 1943. Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Nanyuki kwa nia moja tu, kuupanda mlima waliokuwa wakiutazama kutoka nyuma ya seng'enge. Vifaa walijitengenezea kwa mabaki ya kambini. Mmoja aliugua akabaki chini. Wawili walijaribu Batian, hali ya hewa ikawa mbaya, wakageuka; baadaye wakapanda Lenana, wakasimika bendera, wakarudi wenyewe kambini kuadhibiwa. Watu waliotoroka kifungo kwa ajili ya kilele waligeuka mbele ya kilele. Mwanachama aliyekuja kwa matatu anaweza.

Na ukiulizwa kwa nini ukali wote huu wakati waokoaji wapo, simulia ya Septemba 1970. Gerd Judmaier, daktari kutoka Austria, alianguka na kuvunjika mguu karibu na kilele cha Batian. Mwenzake Oswald Oelz alimhudumia na kushuka kutafuta msaada. Waliopanda kumfuata walikuwa wa kujitolea, wanachama wa Mountain Club of Kenya, watu wenye kazi zao Nairobi. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alikufa helikopta yake ilipoanguka akisaidia uokoaji huo. Zaidi ya wiki moja ilipita kabla majeruhi hajafika chini, na ilibidi waokoaji wasafiri kutoka Austria kuja kuikamilisha kazi. Aliishi. Kibanda kinachoitwa Austrian Hut, chini ya Lenana, kilijengwa kwa shukrani ya Waaustria, na wanachama wanaopumzika humo kabla ya kilele wanapaswa kujua kilitoka wapi. Leo kuna kikosi cha uokoaji cha hifadhi, na kuna ndege za madaktari wa AMREF zinazoondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, na bima ya uokoaji ni ya lazima kwa maoni yangu. Hata hivyo panga kila kitu kana kwamba atakayekuja kwanza atakuja kwa miguu, kesho, na ana mke na watoto.

Mahali pa chini napo

Wanaokwenda mabonde na makorongo wasidhani wamesamehewa. Huko Hell's Gate, karibu na Naivasha, mwaka 2012 na tena mwaka 2019, maji ya ghafla yalipita kwenye korongo na kuua watu waliokuja kutembea tu. Mvua inayoua korongoni huweza kunyesha mbali, juu yako kukiwa na jua. Kiongozi anayetazama mawingu ya upande wa mto unakotoka, akawanyima watu korongo kwa sababu ya wingu ambalo wengine hawalioni, atakuwa amepoteza umaarufu wote wa siku hiyo. Awapeleke kwenye miamba ya juu wakale mayai yao.

Ripoti, na anayelalamika

Ukirudi, mpigie mtu wa mjini kabla hujaoga. Ndani ya siku chache andika ripoti: nani alikwenda, hali ya njia, na hasa yale yaliyokaribia kuwa mabaya. Jiwe lililopita kati ya watu wawili. Dakika arobaini ambazo hakuna aliyejua alipo fulani. Usitaje majina ya kuaibisha, lakini usifiche tukio. Kamati isiitumie ripoti kumwadhibu aliyeandika, maana ikifanya hivyo mara moja tu, zijazo zote zitasema safari ilikuwa nzuri na hali ya hewa ilikuwa ya kupendeza.

Malalamiko yatakuja: alinigeuza nikiwa na nguvu, alinifungulia begi, aliniuliza mkojo. Kamati iyasome yote, imjibu mlalamikaji kwa heshima, na ijibu kwa umoja kwamba kiongozi alifanya alichotumwa. Chama kisichoweza kutamka hilo kitabaki na viongozi wa aina moja, wanaopendwa. Na katika mkutano wa mwaka, pale zinapotolewa zawadi za vilele, itolewe pia ya safari iliyogeuzwa vizuri kuliko zote, na itolewe kwanza, kabla chakula hakijaletwa na watu hawajaanza kuongea.

Wiki inayofuata mpigie yule aliyenuna kuliko wote garini. Usimweleze tena sababu, anazijua. Mpe tarehe ya safari ijayo, na mwombe awe mtu wa nyuma.